Mbili kwa Moja Haipo

Mwaka wangu wa kwanza Ohio niliandika 2–1 kwenye ubao, na chumba kizima cha chakula kikaangua kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka mpira wa oksijeni ukamtoka puani, ikabidi nimrudishie huku na mimi nacheka bila kujua nacheka nini. Msimamizi wa shughuli za wazee alichukua kitambaa, akazifuta namba zangu taratibu kama mtu anayemfuta mtoto kamasi, akanirudishia makapeni. "Andika nyingine," akasema. "Mbili kwa moja haipo."

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kaunti ya Stark. Wazee wetu nusu ni wa Canton, nusu ni wa Massillon, na mwaka mzima wanaishi kwa amani: wanagombania rimoti, wanalalamikia supu, wanaulizana dawa. Ikifika Oktoba, ubao mweupe unatundikwa karibu na mlango wa jikoni. Kushoto rangi ya chungwa na nyeusi, kulia nyekundu na nyeusi. Kila mtu, mkazi au mfanyakazi, anaandika jina lake na matokeo anayoyaona ya mechi ya shule mbili za sekondari, Massillon Washington na Canton McKinley. Atakayekaribia zaidi anapata pai nzima ya tufaha. Mwaka ule nilikuwa nimefika juzi tu. Nilichojua ni kwamba kuna mechi, kuna watani, na kuna watu wanabashiri. Nikajisemea: hii naijua.

Maana mimi ni mtoto wa Dar. Baba yangu Yanga, mjomba wangu Simba, na kwenye derby ya Kariakoo ubashiri wa mtu mwenye adabu ni mbili kwa moja. Ukisema tatu bila, unatafuta ugomvi. Ukisema sare, unaonekana mwoga. Mbili kwa moja inaheshimu pande zote: unamshinda mtani wako lakini unamwachia goli la kwenda nalo nyumbani.

Sasa huku mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kukumbatia na kukimbia nao, na namba zake zina sarufi. Tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani, ni pointi 6, na baada yake unapiga teke la nyongeza, 1, ndiyo saba. Teke la kupitisha mpira kati ya nguzo bila tachidauni ni 3. Kwa hiyo matokeo yanatembea kwa hatua za saba na tatu: 7, 10, 14, 17, 21, 24. Mtu aliyezaliwa hapa akisikia 2–1 anasikia kama wewe unavyosikia mtu akisema "kitabu kimoja wamefika". Moja peke yake haionekani. Mbili ipo, lakini ni ya nadra: ni pale timu yenye mpira inapoangushwa nyuma kabisa, kwenye eneo lake yenyewe la mwisho, na wapinzani wakapewa pointi 2. Inaitwa sefti. Yule mzee wa oksijeni alinieleza haya yote kwa dakika ishirini, kwa mikono, chumvi ikiwa timu moja na pilipili timu nyingine. Tumwite Mzee wa Chuma, kwa sababu alifanya kazi ya chuma Massillon maisha yake yote.

Alipomaliza somo akaniuliza, "Na huko kwenu watani wameanza lini?" Nikamjibu kwa fahari: Yanga 1935, Simba 1936. Akatabasamu kama anayemsikiliza mjukuu. Massillon na Canton walianza kukutana kwenye uwanja mwaka 1894.

Umbali wenyewe ni mdogo. Kutoka katikati ya mji mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 13, barabara moja tu, upande wa Massillon inaitwa Lincoln Way, ukiingia Canton inaitwa Tuscarawas. Massillon ina watu kama elfu thelathini na kitu, na uwanja wa timu ya shule yao unabeba zaidi ya 16,000. Hebu fikiria nusu ya mji inakaa jukwaani kutazama watoto wa kidato cha nne. Kwa miaka mingi, mtoto wa kiume akizaliwa hospitali ya Massillon aliwekewa mpira mdogo kwenye kitanda chake, zawadi kutoka kwa chama cha mashabiki. Chui milia mdogo, mzima, anayepumua, aliletwa pembeni mwa uwanja siku za mechi; jina lake kila mwaka lilikuwa Obie. Mjomba nilipomsimulia hili kwenye simu alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo kamati ya ufundi wanaifanyia hadharani?"

Canton nao si wadogo wa historia. Shule yao ina jina la rais William McKinley, mtu wa mji ule, aliyepigwa risasi na kufa mwaka 1901, na kaburi lake liko pale pale juu ya kilima. Ligi kubwa ya Marekani, hii NFL yenye mabilioni, ilianzishwa Canton tarehe 17 Septemba 1920, kwenye duka la magari la Ralph Hay, na jumba la kumbukumbu la wachezaji wakubwa limekuwepo hapo tangu 1963. Watu wanasafiri kutoka majimbo ya mbali kuja kuliona. Lakini keti na wazee wetu saa ya chai uwaulize kuhusu NFL: watakujibu sentensi mbili. Waulize kuhusu wiki ya McKinley, chai itapoa na maandazi yake.

Kwanza kulikuwa na kisa cha 1906, ambacho Mzee wa Chuma hukisimulia kama alikuwepo, wakati hata baba yake alikuwa hajaoa. Kabla ya shule kuwa kubwa, miji hii ilikuwa na timu za wachezaji wa kulipwa zenye majina yaleyale ambayo shule zinatumia leo, Tigers wa Massillon na Bulldogs wa Canton. Mwaka ule walipangiwa mechi mbili mwezi wa Novemba. Ya kwanza, Canton walishinda 10–5. Fedha za kamari zikamiminika upande wa Canton, kila mtu kashajua matokeo. Ya pili, Massillon wakashinda 13–6. Watu wa Canton waliokuwa wameweka hela zao wakabaki mikono mitupu, ukazuka ugomvi kwenye baa ya hoteli, na gazeti la Massillon likachapisha tuhuma kwamba kocha wa Canton, Blondy Wallace, alikuwa na mpango wa kuuza mechi. Wallace alikana, akalishtaki gazeti, kesi ikaishia kwenye maelewano nje ya mahakama. Ukweli wake hadi leo kila mji una wa kwake. Kilichofuata hakina ubishi: mpira wa kulipwa ulififia kwenye miji yote miwili kwa miaka kadhaa, na mapenzi yote yakahamia kwa watoto wa shule.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini zawadi yetu ni pai. Ohio wameruhusu kamari ya michezo tangu tarehe 1 Januari 2023, simu za watu zimejaa programu za kubeti, lakini sheria inakataza kuwekea mechi za shule. Wenyeji hujigamba kwamba hii ndiyo mechi pekee ya shule iliyowahi kupangiwa odi kule Las Vegas. Wanalisema kila mwaka na kila mwaka naitikia kwa kichwa. Mjomba, ambaye mkeka wake huchanika kila Jumapili, hajakubali mpaka leo kwamba kuna watu wanabashiri kwa ajili ya tufaha. "Sasa mtu anapata wapi uchungu wa kufikiri vizuri?" ananiuliza. Swali zuri. Jibu langu ni kwamba hakuna anayefikiri vizuri, na huko ndiko kunako raha.

Chukua Bibi wa Canton. Amevuka miaka 90, kichwa kiko safi kuliko changu, kucha zimepakwa nyekundu kuanzia Oktoba mosi. Kila mwaka anaandika namba moja tu: McKinley 21, Massillon 6. Hajawahi kubadilisha. Nilidhani ni uzee mpaka nilipouliza. Hayo ni matokeo ya mwaka 1934. Mwaka huo Massillon walikuwa na kocha kijana, Paul Brown, mwenyeji wao, yuleyule ambaye timu ya Cleveland Browns ilikuja kubeba jina lake. Walikuwa wameshinda mechi zote za msimu, imebaki moja. Wakakutana na McKinley wakala 21–6. Bibi alikuwa mtoto wa kubebwa, hakumbuki lolote. Baba yake ndiye aliyekuwepo, na baba yake aliisimulia hiyo mechi mezani kila Jumapili hadi alipozikwa. Kwa hiyo bibi akishika makapeni haangalii msimu huu nani ana kwotabeki mzuri, yule mrusha mipira. Anamwandikia baba yake.

Anayeteseka naye zaidi ni Mwalimu. Huyu alifundisha hesabu, ana daftari, na anabashiri kama inavyotakiwa: nani kamfunga nani, kwa tofauti ya ngapi, nyumbani au ugenini, mvua ipo au haipo. Fulani kampiga fulani kwa 14, fulani huyo kapigwa na McKinley kwa 3, kwa hiyo. Anafika kwenye ubao na namba iliyokokotolewa, anaiandika kwa mwandiko wa darasani, anaikandia mstari chini. Bibi anamsubiri akae, ndipo anasema bila hata kugeuka: "1934 walikuwa hawajafungwa." Mwalimu anajibu kwamba miaka sita iliyofuata Brown aliwafunga McKinley mfululizo, na kwamba kikosi cha 1940 kilifunga pointi 477 msimu mzima na kuruhusu 6 tu. Ni kweli kabisa, nilikwenda kuhakikisha. Na bibi kila mwaka anamwachia amalize, kisha anauliza: "Na hizo sita alizipata nani?"

Ni McKinley. Katika timu zote zilizocheza na Massillon mwaka 1940, McKinley peke yao ndio waliopata kitu. Walifungwa vibaya, lakini hizo pointi 6 zinatunzwa Canton kama pete ya bibi. Nimeshaona watu wakijivunia ubingwa. Kujivunia sita katika kipigo ni ufundi wa aina yake, na mshabiki yeyote wa Simba aliyewahi kunielezea kwa nini goli lao moja lilikuwa zuri kuliko yetu yote ataelewa nasema nini.

Mzee wa Chuma yeye anabashiri kinyume. Damu yake ni ya chungwa, blanketi lake la chungwa, hata kidumu cha maji cha chungwa. Lakini kwenye ubao, mwaka baada ya mwaka, anaandika McKinley wanashinda. Tena kwa nyingi. Wageni hudhani anatania. Nilimwuliza zamu moja ya usiku alipokuwa hapati usingizi, na akanipa sababu iliyo nyoofu kama reli. Mwaka 1994 ilichezwa mechi ya 100 kati ya shule hizi. Alikwenda na mkewe. Getini, akiwa amechanganyikiwa kwa furaha na makelele ya bendi, akamwambia mkewe kwa sauti kila mtu asikie: leo tunawapiga. Mechi ikaenda mpaka muda wa nyongeza, McKinley wakashinda 42–41. Pointi moja. "Ningefunga mdomo," akaniambia, "tungeshinda." Hakucheka. Nami sikucheka, kwa sababu baba yangu siku ya derby alikuwa hasemi neno. Redio aliiweka dirishani, yeye akakaa nje chini ya mwembe ili mpira usijue kwamba anausikiliza.

Na ninajua huo woga unatoka wapi. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga tulikwenda mapumziko tunaongoza 3–0. Mjomba alikuwa amekuja kuangalia kwetu. Baba, kwa mara ya kwanza maishani, akafungua mdomo: "Leo tunafika sita." Mjomba akavaa viatu, akaaga, akaondoka na heshima yake. Alipofika kituo cha daladala Simba walikuwa wamesharudisha moja. Ikaisha 3–3. Mjomba aligeuza njia akarudi na viatu mkononi, anakimbia, na baba alikuwa ameshaingia chumbani kulala saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa maneno ya shabiki hayana uzito, namwacha aamini anachoamini.

Kuna mmoja pale kazini haandiki kabisa. Ni mama wa dobini, mwanawe alikuwa anacheza mstari wa mbele wa McKinley. Nilimpelekea makapeni nikidhani nimemfanyia hisani. Akaitazama kama nimempa sindano. Alichotaka kujua ni kama uwanja utakuwa umelowa, kwa sababu goti la mtoto lilikuwa halijapona sawasawa. Mlangoni, nyuma yangu, kuna wazee wawili walikuwa wanajadili kwa sauti mstari wa mbele wa McKinley utavunjikia upande gani. Hawakumwona. Tangu siku hiyo kuna aina ya ubashiri inayonikera, na nimewahi kuwaambia wazee wangu kwa upole: kutabiri timu itafungwa, sawa, kumtaja mtoto wa miaka 17 kwamba yeye ndiye atakayeangusha mpira, hapana. Mwalimu alinielewa haraka. Wengine waliona Mwafrika analeta sheria kwenye mchezo wa wenyewe.

Turudi kwenye namba. Mpaka mwaka 2023 nilikuwa nimekomaa. Nilikuwa naandika 24–21, 28–17, namba za mtu mzima. Msimu ule Massillon walikuwa moto, hawajafungwa na yeyote, na kwenye ubao hata watu wa Canton waliandika kwa aibu. Bibi akaweka 21–6 yake. Mzee wa Chuma akawapa McKinley ushindi mkubwa kiasi kwamba msimamizi alimwuliza kama ameelewa swali. Jumamosi mchana tukakusanyika kwenye redio, viti vya magurudumu vimepangwa kama daladala kituoni. Massillon wakashinda. Hakuna aliyepatia, na aliyekaribia zaidi alikuwa kijana wa kuleta mitungi ya oksijeni, mtu wa Pennsylvania, ambaye aliandika namba yake akisubiri kusainiwa risiti na hata hakujua ni mchezo gani. Pai ikakaa kwenye friji siku tatu inamngoja. Mwalimu alikuwa anapita kuiangalia.

Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Novemba, ikaja ya kwetu. Mjomba alinipigia asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo tunawachapa mbili kwa moja, mwambie baba yako."

Nilitaka kumwambia kwamba mbili kwa moja haipo, lakini ningelazimika kueleza sana. Ikaisha Simba 1, Yanga 5. Mjomba alizima simu siku nne. Siku ya tano akatuma ujumbe wa kuniuliza hali ya hewa ya Ohio.

Huku nako msimu ulikuwa haujaisha, na hapa inabidi nieleze kitu. Massillon ni mabingwa wa Ohio wa mara nyingi, lakini ubingwa wao wote ulikuwa wa zamani, kabla ya 1972, wakati jimbo lilikuwa halina mtoano. Wakati ule hakukuwa na fainali. Waandishi wa habari walipiga kura timu ipi ni bora, na hiyo ndiyo ikawa bingwa. Nilipolisikia hili mara ya kwanza nilicheka kuliko wao walivyonicheka mimi: ina maana mlikuwa mnabeba makombe kwa ubashiri! Mzee wa Chuma aliniangalia vibaya wiki nzima. Tangu mtoano uanze, nusu karne, hawakuwa wamechukua hata mara moja. McKinley walikuwa wameshachukua 1981, 1997 na 1998, na bibi hakuacha mtu asahau. Massillon walifika fainali 2018, 2019 na 2020, miaka mitatu mfululizo, wakapoteza zote, mbili kati ya hizo kwa shule moja ya Akron inayoitwa Archbishop Hoban.

Fainali ya 2023 ilikuwa Massillon na Hoban tena. Uwanja: Canton. Ule ule wanaochezea McKinley mechi zao za nyumbani, ubavuni mwa jumba la kumbukumbu. Yaani watu wa Massillon wangoje miaka yote hiyo, halafu ukikaribia mwisho waambiwe wakauchukue sebuleni kwa mtani.

Msimamizi akarudisha ubao ukutani. Mzee wa Chuma aliomba apelekwe wa kwanza. Akaandika Hoban 42, Massillon 0, mkono unatetemeka, halafu akaniomba nimrudishe chumbani kwake na nimzimie taa. Mwalimu alileta daftari, akakokotoa, akatoka na 31–27. Bibi wa Canton alikataa kubashiri kwa sababu McKinley hawamo, kisha akabadili mawazo, akaandika 21–6 kwa faida ya Hoban. Mimi nikaandika 24–21, Massillon. Nilijiona mwenyeji kabisa. Hata mwandiko wangu ulikuwa wa mwenyeji.

Ilikuwa mechi ngumu, ya kugandamizana, timu zote mbili hazipiti. Redio tuliiweka katikati ya meza. Massillon wakapata tachidauni moja na teke lake. Basi. Dakika zinakwenda, saba hazisogei, na kila mpira wa Hoban ulipokaribia mstari wazee wa Massillon walishikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Mzee wa Chuma alikuwa kwake, taa imezimwa, mlango wazi kiasi cha kidole. Nilikuwa napita kila baada ya muda mfupi kuangalia oksijeni yake, na kila nikipita ananionyesha kwa kidole niondoke, nisiseme kitu.

Matokeo ya mwisho: Massillon 7, Hoban 2.

Sefti. Sefti peke yake ndiyo pointi zote walizopata Hoban kwenye fainali nzima. Mtangazaji aliposema "saba kwa mbili" kwa mara ya mwisho, kuna sekunde chache hakuna aliyepiga kelele, watu wote wa meza ile waligeuka wakaniangalia mimi. Mwalimu akafunga daftari. Nikaenda mbio chumbani kwa Mzee wa Chuma, nikawasha taa, nikamwambia. Alikuwa analia tayari, ukuta ni mwembamba, alishasikia. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Hiyo mbili ni yako. Ulikosea timu na mwaka tu."

Massillon walimaliza msimu wameshinda mechi 16 kati ya 16. Pai ya fainali ilimwangukia Mwalimu, kwa hesabu yake mwenyewe ya nani kakaribia, hesabu iliyochukua ukurasa mzima na ambayo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuipinga. Alimkatia Bibi wa Canton kipande cha kwanza.

Msimamizi hakuufuta ubao wote. Alifuta majina yetu yote na namba zetu zote, akaacha 7–2 peke yake katikati, kubwa, kwa rangi ya chungwa, ikakaa hapo mpaka taa za Krismasi zilipoanza kufungwa. Bibi wa Canton alikuwa anapita mbele yake kila siku akielekea chakula cha mchana. Wiki ya pili nilimsikia anamwambia mgeni aliyekuja kumtembelea kwamba zile mbili, ukiangalia vizuri, zilipatikana kwenye uwanja wa McKinley, kwa hiyo ni za Canton.

Niliupiga picha ubao nikamtumia mjomba bila maelezo. Jibu lilikuja alfajiri ya kwao.

"Saba? Nani kapigwa saba huyo?"

Nikamwandikia: Mjomba, hizo ni pointi, siyo magoli. Ni timu ya shule.

Akakaa kidogo, kisha akajibu: "Afadhali. Nilidhani ni sisi tena."